Hel, mwenye nyumba ya kuzimu, na safari yake hadi kwenye vibonzo

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji, niko Morogoro, na ninapenda sana vibonzo vya mashujaa. Katika filamu ya Thor ya mwaka 2017 nilimwona Hela, malkia wa mauti, akitambulishwa kuwa dada mkubwa wa Thor. Mjomba wangu, ambaye ana rundo la vibonzo vya zamani, anashikilia kwamba Hela ni binti wa Loki. Nani anasema kweli? Na je, huyo mungu wa kale alikuwa katili kama tunavyoonyeshwa? Nauliza kwa sababu nataka kumchora upya kwa mradi wangu wa mwisho chuoni, na sitaki kunakili tu kilichokwisha kufanywa.

Jibu: Ndugu msomaji, mpe mjomba wako haki yake. Maandiko ya kale ya Skandinavia, huko Ulaya ya kaskazini, yanamtaja Hel, yaani Hela wako, kuwa binti wa Loki, mungu wa hila, vibonzo navyo kwa kawaida vimeufuata ukoo huo, na filamu ndiyo iliyoubadilisha. Swali lako la pili ndilo zito zaidi, nami nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo mchoraji anapoweza kupata kitu ambacho wengine wamekiruka. Kwa kifupi, mungu huyu katika maandiko marefu zaidi tuliyo nayo juu yake havamii nchi ya mtu na wala hamuui mtu yeyote. Ana nyumba, na kazi yake ni kuwapokea wanaoletwa.

Jina lenyewe huwafanya wasomaji wa Tanzania watabasamu, kwa hiyo tulimalize mapema. Jina la asili ni Hel. Ile “a” ya mwisho haikubuniwa na kampuni ya vibonzo: mshairi Mwingereza Thomas Gray aliandika “Hela” katika shairi alilolichapisha mwaka 1768, na washairi wengine wa Kiingereza wakaendelea hivyo. Hela yetu ya mfukoni haimhusu hata kidogo, kwani imetokana na heller, sarafu ndogo iliyoingizwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1904, ambayo nayo ilipata jina lake kutoka mji wa Hall zilikofuliwa sarafu za kwanza za aina hiyo.

Chanzo chetu kikuu ni Edda, kitabu cha visa vya miungu cha Snorri Sturluson, mwanasiasa na mshairi wa Aisilandi, aliyeiandika yapata mwaka 1220. Anasimulia kwamba Loki alizaa na jitu la kike liitwalo Angrboda watoto watatu, nao ni mbwamwitu Fenrir, joka Jormungand na Hel. Miungu ilipopata utabiri kwamba watoto hao wangeleta maafa, Odin, mkuu wa miungu na baba wa Thor, aliagiza waletwe mbele yake. Joka akalitupa baharini. Mbwamwitu alilelewa kwanza, kisha akafungwa kwa hila. Na Hel akatupwa chini Niflheim, nchi ya giza na ukungu, akapewa mamlaka juu ya dunia tisa ili awagawie makao wote watakaopelekwa kwake, yaani waliokufa kwa maradhi au kwa uzee. Zingatia kwamba Hel hakuuomba ufalme huo. Alitupwa bila kosa lolote alilokwisha kulitenda, kisha akakabidhiwa kazi hiyo.

Kuhusu udada wake na Thor, kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona haraka kuliko Mwingereza. Katika shairi la kale liitwalo Lokasenna, Loki anamkumbusha Odin kwamba hapo zamani wawili hao walichanganya damu zao. Sisi tungesema walichanjiana, na ndugu wa kuchanjiana hatofautishwi na ndugu wa tumbo moja. Kwa hesabu hiyo Loki ni baba mdogo wa Thor, na binti wa baba mdogo, katika mila nyingi za kwetu, haitwi binamu, anaitwa dada. Watengenezaji wa filamu hawakuwa na habari na hesabu hii, lakini walitua karibu na ukweli kuliko vibonzo, ambavyo vilimfanya Loki kuwa mtoto wa kulelewa na Odin na hivyo kumgeuza Hela kuwa mtoto wa nduguye Thor. Mwambie mjomba wako taratibu.

Sasa tuingie nyumbani kwa Hel. Snorri anautaja ukumbi wake, Eljudnir, kisha anafanya jambo la ajabu: anavipa majina vyombo vya ndani, kimoja baada ya kingine. Sahani ya Hel inaitwa Njaa. Kisu chake kina jina ambalo nalo maana yake ni njaa kali. Mtumishi wake wa kiume na yule wa kike, Ganglati na Ganglot, wana majina yanayomaanisha watu wa mwendo mzito, wale ambao ukiwatuma maji hawafiki. Kizingiti cha mlango kinaitwa kwa jina la kuanguka. Kitanda chake ni Kor, neno la kitanda cha mgonjwa asiyeinuka tena, na mapazia yanayokizunguka kitanda hicho yana jina linalomaanisha balaa ing'aayo. Wachambuzi wengi hupita hapa haraka wakisema kwamba huo ni urembo wa mwandishi Mkristo aliyetaka kutisha. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi kwa miezi mingi ataitambua nyumba hii mara moja: sahani ya uji iliyorudi jikoni kama ilivyokwenda, kizingiti ambacho mgonjwa anashindwa kukivuka bila kushikwa mkono, msaada unaochelewa kila unapoitwa, na kitanda kilichozungushiwa chandarua ambacho sasa ndicho nyumba nzima. Snorri hakuchora pango la mateso. Alichora chumba cha ugonjwa mrefu, akamweka Hel humo kuwa mwenyeji.

Kuhusu sura yake, Snorri anasema kwamba nusu yake ni “blá” na nusu ina rangi ya ngozi, na kwamba kwa sababu hiyo anatambulika kwa urahisi, akiwa ameinamisha kichwa na mwenye uso mkali. Neno “blá” lilitumika kwa rangi ya kunguru na kwa rangi ya mwili uliovilia damu, kwa hiyo ni weusi wenye ubluu ndani yake, kama wa jeraha au wa maiti. Wachoraji karibu wote wameugawa mwili huo kwa mstari unaoshuka kutoka paji la uso hadi miguuni, upande mmoja hai na upande mmoja mfu. Snorri hasemi mstari unapita wapi. Ungeweza kupita kiunoni, ungeweza kuwa mabaka, ungeweza kuwa mbele na nyuma. Hilo ni dirisha lililoachwa wazi kwa mchoraji kwa muda wa miaka 800.

Kisa kimoja tu kinamwonyesha Hel akitenda kazi yake. Baldr, mwana mpendwa wa Odin, aliuawa kwa mshale wa mmea mdogo, akashuka kwa Hel. Hermod alipanda farasi wa Odin mwenye miguu minane, akasafiri usiku tisa katika mabonde yenye giza hata asione kitu, mpaka akafika kwenye mto Gjöll na daraja lake lililoezekwa dhahabu. Mlinzi wa daraja alikuwa msichana, Modgud, naye hakumshambulia; alimuuliza jina lake na ukoo wake, akashangaa kwamba rangi yake haikuwa ya wafu, kisha akamwelekeza njia, akisema inashuka chini kuelekea kaskazini. Hermod akaruka lango, akaingia ukumbini, akamkuta nduguye Baldr ameketi kwenye kiti cha heshima, akalala hapo usiku huo kama mgeni. Asubuhi akamwomba Hel amwachilie Baldr. Hel akajibu kwamba sharti lithibitishwe kwanza kama Baldr anapendwa kiasi kinachosemwa: ikiwa vitu vyote duniani, vyenye uhai na visivyo na uhai, vitamlilia, atarudi, kimoja kikikataa, atabaki. Watu walilia, mawe yakalia, miti ikalia, vyuma vikalia kama vinavyotoka jasho vikitolewa kwenye baridi na kuwekwa kwenye joto. Jitu moja la kike lililokuwa pangoni likasema litalia kwa machozi makavu, na Hel akae na alicho nacho. Watu walidhani kwamba jitu hilo lilikuwa Loki mwenyewe. Katika Edda hii, hapo ndipo mahali pekee ambapo Hel anafungua kinywa, na anachotoa ni sharti la haki, lenye mlango wa kutokea, ambalo linavunjwa na mtu mwingine.

Nisikudanganye kwamba picha hii haina kasoro. Aisilandi ilikubali Ukristo yapata mwaka 1000, na Snorri aliandika zaidi ya miaka 200 baadaye. Kanuni yake kwamba kwa Hel huenda waliokufa kwa maradhi na uzee inavunjwa na kisa chake mwenyewe, kwa kuwa Baldr aliuawa kwa silaha. Wataalamu bado wanabishana kama Hel aliwahi kuheshimiwa kama mungu, au kama alikuwa kwanza jina la mahali, baadaye washairi wakalipa mwili wa mwanamke. Washairi waliomtangulia Snorri pia wana Hel wa aina nyingine kidogo. Katika shairi la kale la wafalme wa ukoo wa Yngling, binti wa Loki anamchukua mfalme Dyggvi kwa furaha yake, kama mwanamke anavyomchukua mpenzi. Na Egill Skallagrimsson, mshairi wa karne ya 10, akiwaomboleza wanawe, ambao mmoja wao alikufa maji, anamalizia kwa kumwona dada wa mbwamwitu amesimama kwenye rasi, naye anasema atamngoja bila huzuni na kwa moyo mkunjufu. Hel huyu ametoka nje ya nyumba, lakini bado hakimbii kumshika mtu. Anasimama tu, na mzee anamwona.

Vibonzo vilimkuta katika hali hiyo. Thor wa Marvel, kampuni ya vibonzo ya Marekani, alitokea mara ya kwanza mwaka 1962, na Hela akafuata Machi 1964, katika toleo la 102 la jarida la Journey into Mystery, ndani ya masimulizi mafupi ya nyongeza yaliyotungwa na Stan Lee na Jack Kirby kuhusu Asgard, mji wa miungu. Wengi wanaomjua Hela kwa ubaya wake husahau alivyoanza. Katika masimulizi hayo Thor kijana anamtafuta Sif, mungu wa kike, ambaye majitu yamemkabidhi kwa Hela. Thor anajitoa afe yeye badala ya Sif, na Hela, akiguswa na jambo hilo, anawaachilia wote wawili. Ni kisa cha Baldr kilichogeuzwa: mwenye nyumba anaweka roho mkononi, anapima upendo, na safari hii mzani unakubali. Kama vibonzo vingeendelea hapo, tungekuwa na mhusika mwingine kabisa.

Havikuendelea. Jarida linalotoka kila mwezi linahitaji adui anayekuja mlangoni, na mungu anayekaa nyumbani akiwangoja wagonjwa na wazee hawezi kuwa adui wa kila mwezi. Hivyo Hela akapewa tamaa. Akaanza kuzitaka roho za Odin na Thor, mguso wake ukawa wa kuua, na paradiso ya mashujaa waliokufa vitani, ambayo katika maandiko ni ya Odin, ikawa jambo la kugombaniwa. Kirby alimvika pembe zinazochanua juu ya kichwa kama matawi ya mti mkavu, na hapo lazima nivue kofia, kwa sababu ni mojawapo ya michoro bora ya mavazi katika vibonzo vyote, ingawa hakuna mstari hata mmoja wa Edda unaomvika Hel pembe. (Kofia za pembe za Waviking nazo zilienea kutokana na mavazi ya opera za Wagner yaliyobuniwa na Carl Emil Doepler kwa onyesho la Bayreuth la mwaka 1876, kwa hiyo Kirby alikuwa anarithi uongo wenye umri mkubwa kuliko yeye.) Nusu yake iliyokufa haikuonekana mwanzoni. Kanuni za maadili ambazo wachapishaji wa vibonzo wa Marekani walijiwekea mwaka 1954 zilipiga marufuku maiti watembeao, katazo lililobaki hata zilipolegezwa mwaka 1971, na sidhani kwamba mwanamke aliyeoza nusu angepita mbele ya wakaguzi hao. Baadaye waandishi walipata ufumbuzi wa kijanja, wakasema kwamba joho lake ndilo linaloufanya mwili wake uonekane mzima, na akivuliwa, upande uliokufa unajitokeza. Nusu ile ambayo Snorri aliiweka hadharani ili Hel atambulike kwa urahisi ikawa siri na udhaifu wake.

Mtu aliyeirudisha nyumba ya Hel ndani ya vibonzo ni Walter Simonson, aliyeanza kuandika na kuchora Thor mwaka 1983. Kama huna muda wa kusoma vyote, msumbue mjomba wako akutafutie toleo la 362, la mwishoni mwa 1985. Thor na wenzake wameshuka kuzimu kuzikomboa roho za watu walio hai, na wanapokimbia kutoka, Skurge, mnyongaji ambaye maisha yake yote watu wamemcheka, anabaki peke yake darajani akilizuia jeshi la wafu kwa bunduki. Daraja hilo ni lile lile la Modgud. Simonson aligeuza mahali pa kuulizwa jina kuwa uwanja wa vita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kibonzo cha mashujaa, lakini swali la msichana yule alilihifadhi kwa njia yake: wageni wapya wa kuzimu wanapouliza ni nani huyu ambaye hata Hela humwinamishia kichwa, jibu ni kwamba alisimama peke yake katika Gjallerbru, ndilo daraja lile. Katika mistari hiyo michache Hela anarudi kuwa mwenyeji anayejua kumheshimu mgeni wake. Halafu anarudia uadui, na baadaye anamlaani Thor mifupa yake ivunjike kama kioo huku asiweze kufa, laana ambayo kwa maoni yangu ni ya mtu anayekijua vizuri kitanda cha Kor.

Filamu ya 2017, iliyoongozwa na Taika Waititi huku Cate Blanchett akiigiza Hela, iliacha mengi ya kale. Nusu ya mwili iliyokufa haipo, na Fenrir, kaka yake, amekuwa mnyama wake wa vitani. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema haina asili yoyote. Hela wa filamu aliteka dunia tisa pamoja na baba yake Odin, kisha Odin akaona aibu ya alichokifanya, akamfungia mbali na kupaka rangi juu ya picha zake ukutani. Dunia tisa ni zile zile za Snorri, na aliyemtupa ni yule yule Odin. Filamu iliuliza swali ambalo Edda inalipita kimya kimya: aliyetupwa gizani kwa ajili ya usalama wa wengine anawaonaje waliomtupa?

Sasa mradi wako. Hel wa maandiko ya kale ni mali ya kila mtu, na huhitaji ruhusa ya yeyote kumchora. Pembe za Kirby, mavazi ya kijani na meusi na jina Hela katika sura ile ni mali ya kampuni, na chuo chako kitakuuliza. Achana navyo, una nyumba nzima ambayo haijajaa wapangaji. Katika maneno utakayoandika kwenye vipovu vya mazungumzo, usiite makao yake jehanamu. Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza kilijinyima: Biblia ya Union inatenga kuzimu, makao ya wafu wote, kama katika Mathayo 16:18, na jehanamu, mahali pa moto, kama katika Mathayo 5:22, ilhali Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia neno moja kwa yote mawili, na neno hilo ni ndugu wa jina la Hel. Nyumbani kwake hakuna moto wala hukumu. Ni baridi, kuna giza, na watu wamekaa.

Ukitaka ukurasa mmoja wa kuanzia, nakupendekezea asubuhi ile ya kuagana. Hermod amekwisha kupewa sharti. Baldr anainuka na kumsindikiza hadi nje ya ukumbi, anampa pete Draupnir ampelekee Odin iwe kumbukumbu. Mkewe Nanna anatuma nguo ya kitani kwa mama mkwe wake Frigg, na pete ya dhahabu kwa Fulla, mtumishi wa Frigg. Chora kizingiti kile chenye jina la kuanguka, mgeni akikivuka na mikono iliyojaa zawadi za wafu, na nyuma kabisa, mezani, mbele ya sahani yake tupu, mwenye nyumba anayeziona zikitoka na hamzuii.